Kulabu ya Mashini ya Mamu Kapinga

Mheshimiwa aliyealikwa kufungua maonyesho alisimama mbele ya treni ya mabati, akakohoa, akasema kwamba kazi ile inatufundisha kutunza mazingira. Alisema taka ni mali. Alisema vijana wa Likasi waige mfano, waokote makopo na chupa mitaani wavigeuze kuwa sanaa, mji uwe safi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, katika ule ukumbi wa zamani wa wafanyakazi ambao siku hizi hukodishwa kwa arusi na kwa maombi, na mikono yangu ilibaki magotini. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba pale mbele hapakuwa na taka hata moja, kwamba treni ile ilisimama badala ya vyombo vya watu, na kwamba ukumbini humohumo walikaa watoto wa wale waliovichukua. Sikusimama. Ningesimama, mtu angeniuliza: na weye, papa, ulikuwa wapi?

Treni yenyewe ilianzia mlangoni ikafika jukwaani. Magurudumu yake yalikuwa vifuniko vya sufuria. Mabehewa yalikuwa madebe ya mafuta ya kupikia, yaliyokatwa na kunyooshwa, yakafungwa kwa waya juu ya fremu za vitanda. Bomba la moshi lilikuwa birika lisilo na mdomo. Ubavuni zilitokeza kulabu za waya, na juu ya kila kulabu kulikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, tundu baada ya tundu, hadi matundu yakawa picha: redio, kinu, baiskeli, kitanda cha mtoto. Taa zilikuwa nyuma, kwa hiyo picha ziliwaka. Kulabu zenyewe hazikubeba kitu. Aliyeijenga ni Ntumba, binti aliyezaliwa Kasai, aliyesomea sanaa, na aliyekuja huku kwetu baada ya kumzika baba yake. Baba yake alikuwa Mukendi, rafiki yangu. Treni ile Mukendi aliijenga mara ya kwanza, kwa mikono yake, kwenye stesheni ya Likasi, na binti aliijenga upya kwa kufuata masimulizi aliyoyasikia utotoni. Vitu vyote aliviokota juzijuzi, isipokuwa bati moja. Hilo lilikuwa limeliwa na kutu pembeni, na picha yake ilikuwa mashini ya kushona ya mkono. Nililitambua kabla sijavaa miwani.

Mwaka wenyewe ni ule wa tisini na mbili kuingia tisini na tatu. Wazee wenzangu huuita mwaka ambao Wakasai waliondoka mkoani kwetu Katanga, kana kwamba waliamka siku moja wakajisikia hamu ya safari. Hawakuondoka. Walifukuzwa, na waliowafukuza walikuwa na sura na majina, na baadhi yao waliazima chumvi katika nyumba zilezile wiki iliyotangulia. Kampuni ya kuchimba shaba ilikuwa imeanza kufa. King'ora kilichokuwa kikituamsha sote mjini kililia siku nyingine, siku nyingine kikanyamaza, na unga wa posho tuliozoea kupewa mwisho wa mwezi ukawa hadithi. Wakubwa walipaswa kujibu mali imekwenda wapi. Badala ya kujibu, walipanda majukwaani wakatuonyesha jirani. Wakasema hawa ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kujenga reli na kuchimba shaba ndio waliokula kazi zenu. Wakawaita bilulu, wadudu. Nasi tuliokuwa na njaa tuliona ni rahisi zaidi kumchukia mtu wa upande wa pili wa ua kuliko mtu aliye juu ya jukwaa, maana huyu wa ua tulikuwa tunamfikia kwa mkono.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza sekondari, diploma iko sandukuni na kazi hakuna. Niliishi kwa dada yangu mkubwa, Yaya Odette, katika nyumba za kampuni, nyumba za matofali zilizofanana zote. Upande wa pili wa ua wetu wa lantana waliishi Mamu Kapinga na mwanawe Mukendi. Mukendi alikuwa akifua shaba. Alilaza bamba jembamba juu ya lami, akaligonga kwa patasi butu hadi ikatokeza sura ya mwanamke aliyebeba mtungi. Wazungu wa kampuni walizinunua picha hizo kwa ajili ya sebule zao. Wazungu walipoondoka, wanawake wa mitungi wakarundikana chini ya kitanda chake, naye akatuambia kwamba ndiye mwanamume pekee Likasi nzima anayelala juu ya wake wengi bila ugomvi.

Chumba cha mbele cha Mamu Kapinga nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa, pini zilizochomekwa kwenye gunzi la hindi, vitambaa vya sare za shule vilivyokunjwa juu ya kiti. Dirishani palikuwa na mashini, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wake ulipozoea kupita. Kando yake kulikuwa na kichupa cha mafuta na unyoya wa kuku. Kila jioni alichovya unyoya akaupitisha chini ya gurudumu, polepole, kama mtu anayemsafisha mtoto sikio. "Ikikauka inaruka," alituambia, "na mushono ukiruka, mutoto wa bantu atapasukiwa suruali mbele ya mwalimu." Kisha alitupakulia. Bukari yake, ndio ugali wetu, aliichanganya na unga wa muhogo, kwa mtindo wa kwao, na sombe yake, majani ya muhogo, ilikuwa na karanga. Yaya Odette alikuwa akija na sahani yake kabisa, akiwa anacheka tangu mlangoni.

"Mamu, bukari yenu iko na rangi ya matofali!"

"Kula, muntu wa Katanga. Ukishiba utaiona nyeupe."

Vijana wa chama cha wale wakubwa wa majukwaani walifika asubuhi moja, wanaimba. Walipita mlango kwa mlango kwa utaratibu, maana walikuwa wameshaambiwa ni milango ipi. Mukendi alitoka na godoro kichwani. Mamu Kapinga alitoka na Biblia na sufuria moja, akarudi ndani, akatoka na mashini mikononi. Kijana mmoja, ambaye sare yake ya shule ilishonwa na mashini ileile, alimwambia: "Ile inabakia. Ni ya Katanga." Mama yule aliirudisha dirishani, akaifunika kwa kitambaa chake, akamkabidhi Yaya Odette ufunguo wa nyumba. "Mutuchungie," alisema. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti chetu, mikono mifukoni. Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka kama nilisema neno lolote. Sikusema.

Sasa naeleza jambo ambalo watu wa mtaa wetu hawapendi lielezwe. Kwetu mtu akifa, matanga yakishaondolewa, ndugu na majirani hukaa chini katika nyumba ya marehemu, chai ikanywewa, na vitu vyake vikainuliwa kimoja kimoja na kugawiwa, ili kila mmoja abaki na kumbukumbu. Ni desturi nzuri, inazuia ugomvi. Basi Papa Jérôme, shemasi wa kanisa letu, alitoa wazo. Vijana wa chama watarudi, alisema, watabeba hata milango. Heri vitu vikae kwetu sisi tuliokula pamoja na wenyewe. Hakuna aliyesema tuibe. Akina mama walikuja na mikeka na birika. Waliketi juu ya ile sakafu nyekundu, wakashusha sauti kama watu waliofiwa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mrefu na msomi, nikapewa kazi ya kuinua vitu.

Niliinua redio. "Lete apa," alisema Papa Jérôme. "Minye njo nilikuwa nasikilizaka habari pamoja na ule mama."

"Weye?" mama mmoja akamrukia. "Ulikuwa unasikiliza paka nyuma ya ukuta tu!"

"Na nyuma ya ukuta haina kusikiliza?"

Walicheka, wakajizuia, wakakumbuka wamekaa matangani. Niliinua kinu, niliinua mapazia, niliinua wanawake wa shaba. Mama mmoja kijana, aliyekuwa akinyonyesha pembeni, akasema bila kumtazama mtu: "Mais bale bantu beko bazima. Beko ku gare pale."

Lakini wale watu wako hai, ndivyo alivyosema, na gare ndiyo stesheni. Ilikuwa karibu. Ungeweza kupeleka chakula kutoka jikoni kwetu kikafika kingali cha moto. Kisha Yaya Odette akasema, "Muntu akienda vile, harudiye. Ni sawa na kufa," akamimina chai nyingine. Nilipogusa mashini aliinua mkono. "Ile haigawiwe. Ufunguo uko kwangu. Ile tunachunga siye." Hakuna aliyepinga. Niliibeba mwenyewe kuvuka ua. Ilikuwa nzito, na nakumbuka nilijisikia mtu wa maana kwa kuweza kuibeba peke yangu.

Kule stesheni watu walikuwa wamejaa hadi kwenye njia za reli. Maturubai, magunia yaliyoshonwa pamoja, moshi wa mbabula, yaani majiko ya makaa, sauti za watoto wenye surua. Treni ilikuja ilipotaka, na ilipokuja ilichukua wachache, na waliobaki walirudi kuketi juu ya mafurushi yao. Watoto walizikwa bila majeneza, wamevingirishwa katika vitenge. Naandika hivi ili mtu asije akaniambia tena habari ya safari. Nilikwenda mara kwa mara, nimebeba lengalenga, mchicha wa kwetu, au muhogo wa kuchemsha, na kila mara niliona aibu njiani na faraja wakati wa kurudi, kana kwamba fungu la mboga lilikuwa limelipa kitu. Siku moja Mukendi alinipokea kwa tabasamu pana.

"Mwape! Nasikia mulitulilia vizuri."

"Nani anasema?"

"Bantu. Banasema tulikufa muzuri kabisa, hata chai mulikunywa." Alinishika bega. "Sikia. Minye marehemu, nakutuma. Zunguka kwa bajirani, uambie Mukendi anaomba bintu ya mama yake. Hata kidogo. Bakatae, utarudi utaniambia."

Hawakukataa. Ndilo jambo linalonichoma. Niliazima mkokoteni, pusu-pusu, nikapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulifunguliwa kwa upole. Kila mtu aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kitu. Sufuria isiyo na kitako. Kifuniko bila sufuria. Birika lililovunjika mdomo. Beseni lililopasuka, mnyororo wa baiskeli, mbabula iliyoliwa na moto, kiatu kimoja. Papa Jérôme alinipa mwavuli wenye mbavu tupu, akauweka juu ya mkokoteni kwa mikono miwili. "Mupelekee. Mungu anaona." Njia nzima mkokoteni ule ulipiga kelele ambazo zilinitangulia, na watu walitoka kutazama ni nini kinakuja. Mimi mwenyewe nilijua ninasukuma nini. Bado niliusukuma hadi mwisho.

Mamu Kapinga aliinua ile sufuria, akaiweka usoni, akanitazama kupitia tundu. "Mukendi, kuya uone," alisema. "Kwa hii sufuria unaona mpaka kwetu." Mukendi alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka alianza kuvipanga vile vitu ardhini, vikubwa huku, vidogo huku, na uso wake ukawa ule niliouzoea, uso wa mtu aliye mbele ya bamba la shaba ambalo halijaguswa.

Wengine stesheni waliposikia, nao walituma watu katika mitaa yao. Mikokoteni ikaja, na yote ilileta vilevile: vilivyovunjika vilirudi, vizima vilibaki. Mtaa haukuwasiliana na mtaa mwingine, lakini walijibu kwa mdomo mmoja. Mukendi alivipokea vyote. Kwenye njia ya reli iliyokufa, nyuma ya ghala, alianza kuunganisha fremu za vitanda kwa waya, akapigilia vifuniko pembeni, akanyoosha madebe. Watoto ndio waliotambua kwanza. "Treni!" walipiga kelele, wakaingia ndani kabla hajamaliza. "Kama treni ya bo haikuye, tutapanda ya siye," alisema, akavaa beseni lililopasuka kichwani kama kofia ya mkuu wa stesheni. "Première classe mbele! Benye sufuria ya tundu, nyuma! Shemasi, asafirie mu mwavuli!" Watu ambao sikuwahi kuwaona wakicheka tangu wafike pale walicheka, wakashikilia mbavu. Yule mheshimiwa na mazingira yake angeisikia sauti ya kicheko kile asingethubutu kufungua mdomo.

Kisha Mukendi akaongeza kulabu. Kila aliyeleta kitu kilichovunjika, Mukendi alimwuliza: "Na ile nzima, ilikuwa namna gani?" Mtu alimweleza, naye akachukua kipande cha debe na msumari, akaitoboa. Hakuandika jina la mtu. Alitoboa kitu tu, pamoja na alama zake, kovu la kinu, mguu wa kitanda uliofungwa kamba. Chini yake aliweka kulabu tupu. Jua la jioni lilipopita nyuma ya mabati, vile vitu vyote vilivyokuwa katika nyumba zetu viliwaka pale stesheni, mbele ya wenyewe.

Habari ilifika mjini. Jumapili baada ya ibada watu wa mtaa wetu, wamevaa nguo za kanisani, walishuka kwenda kutazama, kama watu wanaokwenda kuangalia mpira. Waliingia wakiwa na kelele, wakatembea kando ya treni, na kelele zikapungua behewa kwa behewa. Papa Jérôme alisimama mbele ya bati moja akakawia. Ilikuwa redio, na mahali pa kitufe cha kuongezea sauti Mukendi alikuwa ametoboa kifuniko cha chupa, meno yake yote yakionekana, kwa sababu ndivyo ile redio ilivyokuwa.

"Mukendi," alisema Papa Jérôme, "unatuita bezi, bantu ba kuiba?"

"Aa papa, minye sikuandika jina. Nilichora paka radio tu. Kama unaijua, tusaidie, iko wapi?"

Papa Jérôme alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima, akageuka akaenda. Redio haikurudi. Lakini siku iliyofuata yule mama aliyekuwa akinyonyesha alikuja na kinu kichwani na mtoto mgongoni, akakitua chini ya bati lake bila salamu. Stesheni nzima ilipiga makofi. Alilia, akaondoka mbio. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Wanaosema kwamba mwaka ule hakuna aliyeweza kufanya lolote, kwamba zilikuwa nyakati, kwamba ilikuwa siasa, nawajibu kwa kinu kile. Mwanamke mmoja, bila chama na bila diploma, alikibeba kutoka mtaani hadi gare mchana kweupe, na hakuna aliyemzuia.

Jioni ile Mamu Kapinga aliniita niketi karibu naye. "Mwape, mutoto wangu. Kule Kasai banatutuma, minye sijue muntu. Nilizaliwa apa, mama yangu analala apa mu makaburi. Nikifika kule nitasema minye nani? Paka ile mashini peke yake njo itanijulisha. Nikishona nguo moja, batasema, ah, ni ule mama mwenye kushona. Odette ananichungia. Uniletee, hata nikikaa juu yake mu treni." Nilimjibu ndiyo, mamu. Nilisimama na kwenda moja kwa moja, na naapa kwamba nilipoondoka pale nilikusudia kuileta.

Niliposhika mlango niliisikia. Yaya Odette alikuwa ameketi dirishani anazungusha mkono, vitambaa vya watu vimemjaa mapajani. Mshahara wa shemeji ulikuwa haujaonekana kwa muda mrefu. Harufu ya samaki wa chumvi ilitoka jikoni, na nilijua vizuri samaki yule ametoka wapi. Nilimwambia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mu treni bantu banakaa juu ya bantu," alisema. "Batamunyanganya mu njia, mbele ya kufika stesheni ya Kamina. Apa itakuwa salama. Siku akirudi, ataikuta." Akaninyooshea suruali yangu ya kwenda kutafuta kazi, ambayo pindo lake lilikuwa limefumuka. "Shika, nimekushonea." Nikaivaa. Nikakaa mezani nikala bukari na samaki, nikanawa mikono. Asubuhi nikaenda stesheni nikawaambia Mukendi na mama yake kwamba vijana wa chama walivunja nyumba wakachukua mashini, na kwamba Yaya Odette amelia sana.

Mukendi alinitazama, akaokota kipande cha debe, akaanza kutoboa gurudumu la mashini. Mamu Kapinga alikuwa ameketi chini, kwa hiyo macho yake yalikuwa sawa na miguu yangu. Alinyoosha mkono akashika pindo la suruali yangu, akalipitisha kati ya vidole kama alivyokuwa akifanya kwa kila nguo iliyoingia chumbani kwake. Mishono ilikwenda vizuri, ikaruka, ikaenda, ikaruka. Alikaa nalo mkononi. Mimi nilisimama pale mguu mmoja mbele, kama farasi anayekaguliwa kwato, na nilijua kwamba amejua. Aliliachia pindo, akalipapasa kidogo likae sawa.

"Umwambie ule anashona," alisema, "aweke mafuta. Chini ya gurudumu, na unyoya."

Angenitukana, ningemchukia kidogo na ningepata nafuu. Na ujumbe ule sikuufikisha. Ningeanzia wapi? Kumwambia Yaya Odette aweke mafuta ni kumwambia kwamba tumejulikana, na tukishajulikana tusingeweza tena kusema kwamba tunachunga. Nikaacha kwenda stesheni. Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya surua.

Treni ya kweli, ile iliyowachukua Mukendi na mama yake, ilikuja siku moja asubuhi. Nilikuwa nimeketi sebuleni, Yaya Odette anashona. Tulisikia honi ikipanda kutoka bondeni, ndefu, halafu kelele za watu, zote pamoja, kama mvua inayofika juu ya mabati. Mkono wa dada yangu ulisimama. Hatukutazamana. Honi ililia tena, na tena, ikasogea kule inakoelekea, ikawa nyembamba, ikaisha. Kisha mkono wake ukaanza kuzunguka, na mashini ikaenda, ikaruka, ikaenda.

Nilishuka stesheni siku chache baadaye. Ile treni ya mabati ilikuwa inabomolewa. Nilidhani nitawakuta vijana wa chama, kumbe walikuwa majirani zangu. Akina mama wa mtaa wetu walikuwa wakifungua vifuniko kwenye magurudumu, wanavipima kama vitatosha sufuria zao. Papa Jérôme alikuwa amepata mwavuli wake. Hata takataka tulizowapa tulizirudia. Nilitafuta lile bati la mashini katika vifusi, sikuliona, nikafikiri limekanyagwa. Wakati huo lilikuwa linasafiri kwenda Kasai, limekunjwa ndani ya Biblia ya Mamu Kapinga, kama Ntumba alivyonieleza baadaye.

Yaya Odette alishona kwa mashini ile hadi macho yake yalipokufa, na alipoondoka duniani vitu vyake viligawiwa kwa desturi, chai ikanywewa, na mimi nikapewa mashini. Kwa miaka mingi nilikutana njiani na mapindo yanayoruka. Sare za shule, suti za arusi, majoho ya kwaya. Niliyaona kanisani watu wakipiga magoti mbele yangu. Mtaa mzima ulivaa ushahidi na hakuna aliyeusoma isipokuwa mimi.

Kesho yake baada ya hotuba ya mheshimiwa nilirudi ukumbini na mashini begani. Sasa siibebi tena kwa majivuno, nilipumzika njiani kila penye kivuli. Ntumba alikuwa peke yake anafagia. Nilimwambia mimi ni nani, nikamweleza yote, na la suruali nikamweleza, nimesimama kwa sababu hakuniambia niketi. Kisha nikaiinua ili niiweke kwenye kulabu yake, chini ya bati la kutu.

"Hapana, papa," alisema. "Pale pabakie vile."

"Lakini ni ya bibi yako. Nimeirudisha."

"Bibi alikufa minye nikiwa mutoto. Kule Kasai alikuwa anauzisha makala ya kupikia mu barabara. Hakuna muntu alimujua kama anashonaka." Alisema polepole, bila hasira, hasira yote iliyokuwamo ukumbini ilikuwa yangu. "Nikiweka mashini pale, bantu batafikiri ilirudishwa." Alikuja akaigusa, akazungusha mkono mara moja, akasikiliza. Alikuwa na namna ileile ya Mamu Kapinga ya kuinamisha kichwa. "Mulikuwa munaweka mafuta?"

Nilimwambia hapana.

"Bibi hakuwaambia?"

"Alituambia."

Alirudi kwenye ufagio wake. Nilibeba mashini yangu nikatoka. Nimeandika yangu, na ninaliacha neno hilo hapo hapo, mlione jinsi mkono unavyozoea. Nyumbani niliiweka mezani, nikamwomba jirani unyoya wa kuku, nikatia mafuta chini ya gurudumu, polepole, kama nilivyoona ikifanywa kila jioni katika kile chumba cha sakafu nyekundu. Nikachukua kitambaa kikuukuu nikakipitisha, nikazungusha kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikisogeza dirishani nikavaa miwani, nikaufuata mshono kwa kidole.

Haukuruka hata mahali pamoja.